Sekunde Thelathini "Tu": Uongo Tunaoambiana Kuhusu Matangazo ya Dodoma

Simu za wateja wangu zinafanana. Salamu ndefu, habari za vumbi na joto, familia haijambo, halafu: "Kaka, nina kakazi kadogo. Katangazo ka sekunde thelathini tu."

Ninashuti na kuhariri mwenyewe hapa Dodoma: maduka ya vifaa vya ujenzi, saluni, shule za chekechea, nyumba za kulala wageni. Siku kazi ikiwa kubwa natafuta kijana wa kushika maiki na mwingine wa kuzuia bajaji zisipite mbele ya kamera. Miaka yote hii neno lililonigharimu kuliko lenzi yoyote ni hilo "tu". Ndani yake kuna mambo mengi ambayo wateja wanaamini, na mengine tunayaamini sisi wenyewe wa kamera.

"Sekunde thelathini ni kazi ndogo"

Televisheni kwetu huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 25 kila sekunde. Sekunde 30 ni fremu 750, basi. Humo mteja anataka kuingiza jina la duka, ofa, bei, namba mbili za simu ("na ya mama watoto uiweke, mimi mara nyingi niko shamba"), maelekezo ya kufika, na yeye mwenyewe akiongea huku amevaa suti.

Msomaji anayesoma Kiswahili kwa mwendo wa kueleweka, kwa uzoefu wangu, humaliza maneno 60 hadi 70 kwa sekunde hizo. Maneno yetu ni marefu: "tumewapunguzieni" linahesabika moja, lakini linakula muda wa matatu. Namba ya simu ya tarakimu kumi, ikisomwa taratibu na kurudiwa, imeondoka na sekunde kama nane. Mteja akitaka namba mbili, karibu nusu ya tangazo imegeuka kuwa daftari la simu.

Kwa hiyo siku mbili zinaishia kwenye maneno kabla kamera haijatoka kwenye begi. Naandika, nasoma kwa sauti nikiwa na saa ya simu mkononi, nakata, nasoma tena. Kushuti kwenyewe ni asubuhi moja. Video ya dakika tano ya mahafali hunichosha kidogo kuliko hiyo ya nusu dakika, na nikimwambia mteja hivyo anacheka, anadhani natafuta njia ya kupandisha bei. (Bei napandisha pia, lakini si kwa sababu hiyo.)

"Bila kamera kubwa hakuna tangazo"

Hili tumelikuza sisi wenyewe. Kijana anatoka chuoni, anakopa anunue kamera ya mamilioni, anabaki bila hela ya maiki.

Mtazamaji anavumilia picha yenye chengachenga. Sauti asiyoielewa haivumilii. Anabadilisha chaneli au anasogeza kidole. Na Dodoma adui wa sauti ana jina: upepo. Kiangazi, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, unavuma siku nzima. Niliwahi kumshuti mwenye kiwanda kidogo cha matofali upande wa Ihumwa, mzee anayejua kuongea hasa, anatania, anapigia mfano nyumba yake mwenyewe. Nilitegemea maiki ya juu ya kamera. Nilipofika nyumbani na kuweka spika za masikioni nikasikia mtu anaongea ndani ya gunia. Ilibidi nirudi kumpigia magoti. Mara ya pili hakutania hata neno moja.

Tangu hapo, maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye manyoya yake ya kuzuia upepo, huingia kwenye begi kabla ya betri. Gari likiwa karibu namketisha mzungumzaji ndani, vioo juu, nirekodi tena maneno yale yale. Hakuna studio ya bei rahisi kama gari iliyozimwa injini.

Simu basi? Simu nzuri inatosha kwa matangazo mengi ya maduka yetu, mradi ujue tabia zake mbili. Kwanza, simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe mwanga unapopungua. Ukiunganisha na sauti iliyorekodiwa pembeni, mwanzo midomo na maneno vinaenda sawa, baada ya dakika kadhaa mdomo umefunga na sauti bado inaendelea. Pili, umeme wetu ni wa herzi 50, yaani unapiga mara 50 kwa sekunde na taa zinaufuata, na simu nyingi zinaanza na mpangilio wa fremu 30. Ndani ya duka lenye taa za mirija au LED za bei nafuu, picha inapepesa, mistari inapanda na kushuka ukutani. Programu inayokuruhusu kufunga fremu 25 na spidi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde mara nyingi inamaliza matatizo yote mawili. Kamera ya milioni nane usipoipanga itapepesa vilevile.

"Jua la Dodoma ni taa ya bure"

Bure ni kweli. Taa, hapana.

Tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa juu ya utosi kabisa. Miezi mingine linainama kiasi, lakini bado linabaki juu. Matokeo yake, saa sita mchana kila uso una mashimo meusi mawili mahali pa macho, na aliyevaa kofia amepoteza uso wote. Ukuta mweupe nyuma yake unaungua hadi haurudi hata kwa uhariri.

Ninaanza saa 12 na nusu asubuhi, naacha saa 3, narudi saa 10 jioni. Jioni inadanganya: jua la huku linazama wima, halibembei pembeni, ule mwanga wa dhahabu unaousubiri unapita haraka kabla hujamaliza kubishana na mteja kuhusu tai. Mchana ukilazimika, tafuta kivuli cha mbuyu au kibaraza, kisha rudisha mwanga usoni kwa kitu cheupe. Mimi natumia povu jeupe lililofungiwa friji. Lina miaka minne, limekatika pembe moja, na hakuna mteja aliyewahi kuliuliza lilinunuliwa wapi.

Kuna na suala la rangi ya ardhi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au karibu na hapo. Kila mwaka kuna anayekuja Septemba akitaka tangazo la mbegu lenye shamba la kijani. Septemba Dodoma ni kahawia hadi upeo wa macho. Namwambia ama tungoje Februari, ama twende kwenye mizabibu, ambayo kwa kuwa huvunwa mara mbili kwa mwaka inakuwa na cha kupiga picha hata wakati mashamba ya mtama yamebaki mabua. Lakini ndiyo, ni mzabibu. Mtu anayeuza mbegu za alizeti hatakubali.

"Mahali pa wazi hapahitaji kibali"

Panahitaji. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo unayoanzia kwa vibali. Mji huu una Bunge, una Mji wa Serikali Mtumba, una Ikulu ya Chamwino. Askari akiona traipodi hana haja ya kukuuliza unatangaza nini. Nyerere Square, stendi, stesheni ya treni, masoko: kila pahali pana mwenye usimamizi, na barua iliyogongwa muhuri inafungua mlango ambao maelezo mazuri hayafungui.

Droni ndiyo inayowaponza vijana wengi. "Ni ndogo, ni ya kuchezea tu." Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na ruhusa ya upande wa ulinzi, iwe ndogo au kubwa. Na kiwanja cha ndege chetu kiko katikati ya mji kabisa, ndege inatua huku watu wakinunua vocha. Mteja aking'ang'ania picha ya kutoka juu na muda wa kibali haupo, napanda paa la ghorofa la jirani yake kwa idhini ya mwenye jengo. Nani atajua tofauti kwa sekunde mbili?

Ukitoka mjini kwenda vijijini, muhuri hautoshi. Unapita kwa mwenyekiti, unasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa wazee waliokaa, unaeleza unachotaka, unakaa kidogo. Mama anayeuza ubuyu pembeni ya barabara siyo pambo la picha yako. Muulize, mwonyeshe ilivyotoka, nunua ubuyu. Akikubali sura yake iuze bidhaa ya mtu mwingine, kuna karatasi ya kusaini na kuna malipo, hata kama ni madogo.

"Wimbo chini ya sekunde kumi si kosa"

Wengine wanasema nane, wengine kumi na tano. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haina sekunde za zawadi kwa tangazo la biashara. Wimbo wa msanii una mwenyewe, na pa kuulizia ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na msanii au wasimamizi wake. Kwenye YouTube mashine inautambua kabla mtazamaji wa kwanza hajafungua. Kituo cha televisheni nacho hakitaki kesi yako.

Toleo la hapa kwetu ni gumu zaidi kulisahihisha: "Basi weka ngoma ya Kigogo, hiyo ni ya asili, haina mwenyewe." Kila anayetaka tangazo "lenye ladha ya Dodoma" anataka ilimba na zeze, na anaowafikiria bila kuwataja ni watu kama mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003 baada ya kuzitembeza ala hizo duniani. Rekodi ina aliyepiga na aliyerekodi. Sheria hiyohiyo ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake. Njia yangu ni rahisi kuliko mabishano: namtafuta mpigaji aliye hai, nampa maneno na muda, anapiga kipya cha sekunde 30, analipwa, tunaandikishana. Mara mbili mpigaji amenipa kitu kizuri kuliko tangazo lenyewe.

"Nimekulipa, kwa hiyo litatoka TV"

Ulichonilipa ni kulitengeneza. Muda wa hewani unanunuliwa kituoni, kwa bei yao, na saa ya taarifa ya habari si bei ya saa nane mchana. Hili liandikwe kwenye makubaliano siku ya kwanza, mstari wa kwanza.

Na usinitumie video ya mwaka jana kwa WhatsApp ukaniambia nirekebishe kidogo. Ikitumwa kama video inabanwa mpaka inafanana na picha iliyopigwa kupitia chandarua. Itume kama faili, au leta fleshi.

"Mwambie inaponya"

Dawa, virutubisho, mafuta ya nywele yanayotibu na shinikizo la damu. Tangazo la dawa linahitaji idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Tiba asili ina baraza lake. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sijui kuponya, najua kuhariri. Naomba karatasi ya idhini kabla ya kupokea malipo ya kianzio, na wengi hawarudi.

"Kazi zote ziko Dar"

Zilikuwa, kwa sehemu kubwa. Lakini tangu serikali ihamie hapa, kila taasisi ina maonesho, mafunzo, uzinduzi na video fupi ya kueleza huduma. Ununuzi wao sasa unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na sheria inataka asilimia 30 itengwe kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Wenzangu wengi hawajawahi hata kujisajili, wanasema lazima umjue mtu. Huenda wanajua kitu nisichokijua. Mimi kazi mbili nilizopata humo sikumjua mtu. Malipo yalichelewa, hilo siwafichi.

Upande wa pili wa sarafu ni treni. Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ifike Dodoma mwaka 2024, timu ya Dar inapanda asubuhi na taa zake, inashuka baada ya mwendo wa saa nne hivi, inashuti, jioni inarudi. Kalenda ya mji hawana. Hawajui kwamba kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likikaa, mwenye nyumba ya wageni hahitaji tangazo, vyumba vimejaa. Anayelihitaji anakupigia Julai, sauti ya chini.

Juzi alinipigia mmoja wa hao wenye nyumba za wageni. Tangazo lake lilikamilika mwaka jana, kituo kilishalipokea, yeye mwenyewe alilisifu. "Kaka, nimebadilisha laini. Nibadilishie namba tu." Namba imesomwa na msimulizi. Imeandikwa chini ya picha kwa sekunde 12. Na imepakwa rangi nyekundu kwenye geti la nyumba, nyuma ya bega lake, katika kila fremu anayoongea. Nikamuuliza kama fundi rangi ameshapita. Akasema bado. Tumekubaliana Jumamosi saa 12 na nusu, rangi ikiwa imekauka.