Tiki mbili za buluu si uelewa: dhana potofu kuhusu makundi ya soga vyuoni

Dhana: Kufundisha kwa soga kulianza na korona.

Vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya vilipofungwa Machi 2020, makundi ya WhatsApp ya madarasa yalikuwapo tayari. Ukitafuta asili yenyewe utarudi nyuma hadi 1973, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Huko Doug Brown na David Woolley walitengeneza Talkomatic ndani ya PLATO, mfumo wa kompyuta uliojengwa kwa ajili ya kufundishia. Watu watano waliweza kuongea kwa maandishi, kila herufi ikionekana inapoandikwa. Kwa hiyo soga haikuvamia elimu. Ilizaliwa humo.

Dhana: Kila mwanafunzi ana simu, basi darasa zima limo.

Simu ni jambo moja, bando ni jingine. Wapo wanaonunua kifurushi cha WhatsApp pekee. Ukiwatumia kiungo cha YouTube, kwao hakifunguki, na wengi hawatakuambia. Maandishi na sauti fupi hula bando kidogo sana kuliko video. Kabla ya kutuma chochote, mfikirie yule ambaye boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, halijaingia.

Dhana: Wamesoma, hakuna aliyeuliza, basi wameelewa.

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Tiki za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, basi. Mwanafunzi aliye katika kundi la watu mia mbili, anayetakiwa kuuliza kwa Kiingereza mbele ya mhadhiri, anajua kosa lake litabaki pale kila mtu alisome. Ananyamaza. Kisha anakwenda kwenye kundi la pili, lile ambalo mhadhiri hayumo, na huko anauliza kwa Kiswahili bila woga. Masomo yanaendelea huko, na makosa pia yanaendelea huko bila wa kuyasahihisha.

Dawa si kuwasihi waulize. Wape swali linalomlazimu kila mmoja kuchagua upande. Katika somo la uchumi, kwa mfano: bei ya mchele imepanda na watu wananunua kidogo, je, mstari mzima wa mahitaji (ule unaoonyesha watu hununua kiasi gani kwa kila bei) umehama, au tumesogea tu kwenye mstari uleule? Wengi watasema umehama. Jibu ni kwamba tumesogea tu, na ukiona kura zimeangukia kwingine, unajua kesho uanzie wapi. Telegram inaruhusu chemsha bongo ambayo majina ya wapiga kura hayaonekani. Katika kura za WhatsApp wanakundi huona nani kachagua nini, na hilo linarudisha woga uleule. Ruhusu Kiswahili waziwazi. Wagawe pia watu wanane au kumi kwa kundi, hata kama tangu 2022 WhatsApp inapokea hadi 1,024.

Dhana: Ujumbe umefungwa kwa fiche, kwa hiyo hata matokeo yanaweza kubandikwa.

Ni kweli WhatsApp ilikamilisha mwaka 2016 ufichaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani wanaowasiliana tu ndio wanaoweza kusoma ujumbe. Makundi ya kawaida ya Telegram hayana ulinzi huo. Lakini fiche haizuii skrinishoti, na kubandika namba za usajili badala ya majina hakumsitiri mtu mbele ya wenzake wanaomfahamu. Maksi za mwanafunzi ni zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga yake 2019. Mtumie kila mmoja maksi zake peke yake.

Dhana: Tukiwa na kundi, Moodle, ule mfumo wa masomo mtandaoni, ya nini?

Notsi zilizotumwa Jumatatu huzama chini ya salamu na matangazo ya CR (kiongozi wa darasa) kufikia Jumatano. Notsi, kazi na tarehe za kukusanya zikae Moodle. Kundi liwe la mazungumzo.

Dhana: Mhadhiri aliye kwenye kundi ni wa kujibu saa zote.

Andika saa zako kwenye maelezo ya kundi, tuseme saa 2 hadi saa 3 usiku, na uzishike. Swali lililoingia saa 7 usiku lisubiri. Mara nyingi asubuhi utakuta mwenzake ameshamjibu, nawe umebakiwa na kazi ya kunyoosha sentensi moja tu alipokosea.