Saa ya mwili ni nini?

Mwaka 1729, Mfaransa Jean-Jacques de Mairan aliufungia gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, ambao majani yake hufunguka mchana na kujikunja usiku. Jua halikuufikia, lakini majani yaliendelea kufunguka na kujikunja kwa nyakati zilezile. Mmea ulikuwa na saa yake ndani. Nasi tunayo.

Saa ya mwili ni mpangilio wa ndani unaojirudia kila baada ya takriban saa 24. Ndio unaoongoza usingizi uje lini, njaa iume lini, joto la mwili lipande au lishuke lini. Makao yake makuu ni kifundo cha seli zipatazo 20,000 ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Kukaa hapo kuna maana, kwa sababu mwanga ndio unaoirekebisha. Mtu akiishi gizani, saa hiyo kwa kawaida huchelewa dakika kadhaa kila siku. Mwanga wa asubuhi huirudisha sawa. Sisi Waswahili tunaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza tunaelewa jambo hili upesi.

Usiku melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huongezeka na usingizi hukaribia. Alfajiri joto la mwili huwa limeshuka kabisa, kisha homoni ya kotisoli hupanda ili tuamke. Ini, kongosho na moyo navyo vina saa zao ndogo zinazoifuata ile kubwa. Ndiyo maana sahani ileile ya ugali, ikiliwa saa sita usiku, hupandisha sukari ya damu kuliko ikiliwa asubuhi.

Hapo ndipo ninapowafikiria wauguzi, walinzi na madereva wa usiku. Wanaofanya zamu hizo kwa miaka mingi hupata zaidi kisukari na maradhi ya moyo, na mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Kumwita mvivu mtu wa zamu anayelala mchana ni kumwonea. Akirudi asubuhi, avae miwani ya jua njiani, chumba kitiwe pazia zito, na watoto wakachezee mbali na dirisha lake.