Konokono wa msitu wa kelpu hawakai popote tu

Kuna hii dhana eti konokono wa baharini, kwa vile wanatambaa polepole, wanakaa popote wimbi lilipowatupa, na mwani wowote kwao sawa tu. Si kweli kabisa. Chukua Monterey kule California, kuna kelpu, yaani mwani mkubwa unaoweza kupanda hata mita 30 kutoka kwenye mwamba mpaka juu ya maji, na humo wamo konokono wa jenasi ya Tegula, spishi tatu hivi zinafanana balaa. Brunnea anajazana kwenye kina kifupi, pulligo na montereyi unawakuta zaidi chini kwenye kina kirefu, wanaingiliana kidogo ndio, lakini kila mmoja ana upande wake.

Na sababu ya kuchagua pa kukaa sio msosi peke yake. Kuna maadui, kule mwambani kuna viti vya pweza (wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota), kuna kaa, kuna pweza mwenyewe, kwahiyo konokono akiwa juu ya shina la kelpu anapumua kidogo, akidondoka inabidi aanze kupanda upya. Akiguswa na kiti cha pweza sasa, utashangaa, huyo huyo mzito anatikisa gamba huku na huku kujinasua halafu anatimua, mbio za kikonokono lakini mbio.