Ziwa linapochelewa kupoa: maana ya vuli ya majini

Mpwa wangu anaishi Duluth, mji ulio kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior kule Marekani. Mwanzoni mwa Novemba alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Boti ndogo zote zimetolewa majini, akasema, zimefunikwa turubai na kufungwa kamba kama mizigo. "Lakini Mjomba, maji wala hayajaganda. Tena nimeambiwa yana joto kuliko hewa. Sasa wanaogopa nini?"

Niliusikiliza nikiwa ndani ya matatu, Ngong Road, tumekwama karibu na Dagoretti Corner, hapo hapo zilipo ofisi kuu za Idara ya Hali ya Hewa. Niliurudia mara mbili, kwa sababu swali lilikuwa limebeba jibu lake. Wanaogopa kwa kuwa maji yana joto kuliko hewa.

Kabla ya kueleza, kuna neno la kunyoosha. Sisi Kenya tukisema vuli tunamaanisha mvua za Oktoba hadi Desemba. Wanaotafsiri habari za Ulaya na Marekani hulitumia neno lilo hilo kwa miezi ya Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika na baridi kuanza kuingia. Ni mambo mawili tofauti, na anayesoma kuhusu dhoruba za vuli kule Superior asidhani ni mvua zetu. Humu nitalitumia kwa maana ya tatu: vuli ya ziwa ni kipindi ambacho maji yana joto kuliko hewa iliyo juu yake. Nimeipenda maana hiyo kwa sababu haifungwi na kalenda. Kwenye Ziwa Superior kipindi hicho huja mara moja kwa mwaka. Kwenye Ziwa Victoria huja karibu kila usiku.

Anayeishi Nairobi tayari anayo maabara ya jambo hili nyumbani. Mitaa mingi maji huja kwa zamu, kwa hiyo kila nyumba ina mitungi ya lita 20. Acha mmoja uliojaa nje, juani, mchana kutwa. Jua likitua, sikiliza mabati ya paa: yanaanza kualika, ta, ta, yakijikunja kwa kupoa. Saa tatu usiku bati ni baridi, alfajiri lina umande. Tia mkono kwenye mtungi saa hiyo hiyo ya tatu. Maji bado yana uvuguvugu. Bati na mtungi vimepigwa na jua moja, ila bati limeshasahau na mtungi bado unakumbuka.

Bati ndilo nchi kavu. Mtungi ndilo ziwa. Lita moja ya maji inahitaji joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalohitajiwa na lita moja ya hewa ili zipande nyuzi zilezile. Isitoshe, jua linapopiga udongo, joto hubaki kwenye tabaka jembamba la juu. Linapopiga ziwa, mwanga huzama ndani na upepo huyakoroga maji, hata joto likagawanywa kwa mita nyingi za kina. Ndiyo maana ziwa huchelewa kupata joto, na likishalipata huchelewa kuliachia.

Superior ni mtungi wa ajabu kwa ukubwa. Lina eneo la kilomita za mraba 82,000 hivi, na mahali penye kina kirefu zaidi ni mita 406. Siku ndefu kuliko zote kule ni Juni, ila maji ya juu hufikia kilele cha joto mwishoni mwa Agosti hivi, jua likiwa limeshaanza kulegea. Ikifika Novemba, hewa kutoka kaskazini inakuja chini ya sifuri huku maji yakiwa bado nyuzi kadhaa juu yake. Ukiyaoga utasema ni barafu. Hewa inayoyagusa, kwake hayo ni jiko.

Hapa ndipo penye kiini, na ningependa tusipapite haraka.

Chukua kwanza mwezi wa Mei kule kule. Hewa ya nchi kavu imeanza kupata joto, ziwa bado ni baridi. Hewa inayogusa maji inapoa, inakuwa nzito, inatandazika juu ya ziwa kama mkeka. Mita mia chache juu upepo unaweza kuwa unakimbia, nawe kwenye boti usiuone, kwa sababu mkeka huo mzito haupandi wala haukoroganishwi kwa urahisi. Upepo unateleza juu yake.

Novemba mkeka unakunjwa. Hewa inayogusa maji inapashwa joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikipanda, lazima nyingine ishuke kuchukua nafasi yake, nayo hutoka kule juu ambako upepo ni mkali kwa kuwa haukwaruzani na kitu. Umewahi kumtazama makanga akiruka kutoka kwenye matatu ambayo haijasimama? Miguu imeshagusa lami lakini mwili bado una mwendo wa gari, na ni lazima akimbie hatua tano sita ndipo atulie. Hewa inayoshuka hufanya vivyo hivyo. Inagusa maji ikiwa bado na mwendo wa juu. Kwa mwenye boti hali hiyo ni upepo wa kupiga kwa vishindo: unatulia kidogo, unashtukia pigo, unatulia, pigo jingine kutoka pembe ambayo hukuitarajia. Kwa hiyo upepo uleule wa juu ambao Mei usingemsumbua mtu, Novemba unafika mpaka usoni pa maji na kuyainua.

Juu ya hilo, dhoruba zenyewe za msimu huo ni kubwa. Baridi ya kaskazini inakutana na hewa ya joto yenye unyevu inayopanda kutoka Ghuba ya Meksiko, na joto la maziwa hukoleza mgongano huo.

Wimbi nalo lina masharti matatu: nguvu ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na masafa ya maji ambayo upepo umeyapitia bila kukutana na nchi. Wengi tunakumbuka la kwanza tu. La tatu ndilo linalofanya ziwa kubwa liwe ziwa kubwa. Superior lina urefu wa kilomita 560 hivi, na upepo unaolipitia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine unafika umekusanya mlima. Mtu anaweza kusimama ufukweni ambako upepo unatoka nchi kavu, akaona maji kama kioo, akaingia, na kila mita anayosonga mbele ndivyo maji yanavyochafuka. Mawimbi ya ziwani pia hukaribiana na kusimama wima kuliko yale marefu ya bahari kuu. Chombo hakijamaliza kushuka moja kabla ya kupigwa na la pili.

Meli Edmund Fitzgerald ilikuwa na urefu wa mita 222. Iliondoka mji wa Superior, jimbo la Wisconsin, tarehe 9 Novemba 1975 ikiwa imebeba madini ya chuma. Nahodha alipita njia ya kaskazini, karibu na pwani ya Kanada, ili nchi imkinge na upepo. Kesho yake upepo ukageuka, na ile ngao ikawa haipo tena. Meli iliyokuwa ikiifuata nyuma iliripoti mawimbi ya zaidi ya mita 7. Jioni ya tarehe 10 Edmund Fitzgerald ilizama ikikaribia ghuba ya Whitefish, na watu wote 29 waliokuwamo wakafa. Mpaka leo wataalamu wanabishana ni kitu gani hasa kilichoizamisha. Miaka 62 kabla yake, Novemba hiyo hiyo, dhoruba ya mwaka 1913 ilizamisha meli 12 kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambayo Superior ni mojawapo, na kuua watu zaidi ya 250. Nikiziweka tarehe hizi pamoja, naona wale wanaofunga boti zao kwa turubai wamefunzwa na makaburi.

Kwa boti ndogo kuna mengine mawili. Maji yanayorushwa na mawimbi huganda yakigusa chombo, na barafu ikirundikana juu boti huwa nzito kichwani na kupinduka kirahisi. Aliyeangukia maji ya nyuzi 5 naye hupoteza nguvu za vidole ndani ya dakika chache, hata kama ni muogeleaji hodari.

Nilimwandikia mpwa haya yote kwa kifupi. Aliyenishangaza ni baba yangu mdogo, ambaye amevua omena (dagaa) upande wa Mbita, kwenye Ziwa Victoria, kwa miaka mingi na huandika kwenye kundi mara chache sana. Aliandika: "Mjukuu wangu, hata huku kwetu usiku maji ni ya moto kuliko hewa. Ukitia mkono ziwani saa tisa usiku hutamani kuutoa. Na hizo ndizo saa ambazo tunapigwa."

Alikuwa ameeleza Ziwa Victoria kwa sentensi tatu.

Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, na halina kina kirefu, mita 80 na kidogo tu mahali palipozama zaidi. Maji yake ya juu hukaa karibu nyuzi 25 mwaka mzima. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Unyevu huo hupanda mpaka milimani, ndiyo maana alasiri mawingu hujazana juu ya Kisii, Nandi na Kericho, na wakulima wa chai huko wanaijua mvua ya mawe kuliko karibu watu wengine wote duniani. Wakati huo katikati ya ziwa mara nyingi ni kweupe.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu ni lile bati: limealika, limepoa. Hewa baridi inateremka kutoka milimani na kuelekea majini. Watu wa pwani ya bahari huuita upepo wa namna hiyo umande, jina lilelile la matone ya alfajiri. Kwenye ziwa la mviringo kama Victoria umande hutoka pande zote: Kenya, Uganda na Tanzania. Pepo hizo zinakutana katikati, juu ya maji ya moto, na hewa haina pa kwenda ila juu. Mawingu ya radi hujengeka kuanzia usiku hadi asubuhi, yakisukumwa zaidi upande wa magharibi, na ndiyo maana Bukoba na visiwa vya Ssese hupata mvua nyingi kuliko fukwe za mashariki. Mvua ikianguka huvuta hewa baridi chini kwa kishindo, nayo ikifika majini hutawanyika pande zote. Pigo hilo hutangulia mvua yenyewe. Mvuvi anaweza kuwa chini ya nyota, karabai inawaka vizuri, na upepo ukamfikia kutoka kwenye wingu lililo mbali.

Na omena huvuliwa usiku, tena usiku usio na mwezi, kwa sababu wanafuata taa. Jambo hilo huniumiza kila nikilifikiria. Saa za riziki na saa za hatari ni zilezile, na mvuvi hawezi kufunga boti turubai asubiri Aprili kama jirani wa mpwa wangu.

Wengi tukitaja ajali za ziwa lile tunakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018. Hizo zisihesabiwe hapa, kwani lawama kubwa iliangukia kupakia watu kupita kiasi. Wanaochukuliwa na vuli ya ziwa huenda wawili, watatu, kwenye mtumbwi mmoja, na habari yao mara nyingi haifiki Nairobi.

Kwa Wanairobi wanaokwenda Naivasha kupanda boti Jumamosi, upepo wa alasiri unaowalowesha pale ni jambo jingine. Huo ni wa jua la mchana na wa Bonde la Ufa, na ziwa lenyewe ni dogo mno kujitengenezea dhoruba zake za usiku. Nendeni asubuhi, na jaketi la kujiokoa lifungwe kifuani, lisikaliwe kama mto.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama ziwa kubwa liko salama leo, usitazame kipimajoto cha hewa peke yake. Uliza maji yana nyuzi ngapi na hewa ina nyuzi ngapi, kisha utazame tofauti: maji yakiizidi hewa kwa mbali, upepo wa juu una njia ya kushuka. Halafu uliza upepo unatoka wapi, na umepita juu ya maji masafa gani kabla ya kukufikia.

Siku mbili baadaye mpwa alituma picha. Ziwa lilikuwa linatoa mvuke alfajiri, mweupe, mzito, kama sufuria ya uji iliyofunuliwa. Tulisifu picha sote. Baba mdogo aliuliza swali moja tu: "Upepo unatoka upande gani?"

"Magharibi, Babu."

"Basi kwenu kumetulia," akaandika. "Mawimbi yako ng'ambo."