Kupaka rangi hakuondoi kuvu

Ukuta ukiota madoa meusi, ushauri wa haraka ni uleule: piga jiki, kisha pakaa rangi. Pembeni watu hunong'ona kwamba wanaoishi humo ni wachafu.

Yote mawili ni makosa. Kuvu hulishwa na unyevu: bomba linalovuja, paa bovu, bafu lisilo na pa kutolea mvuke. Hata nyumba inayodekiwa kila siku huota kuvu. Rangi huficha doa tu. Unyevu ukibaki, kuvu hutokeza tena juu ya rangi mpya.

Huko Rochdale, Uingereza, familia yenye asili ya Sudan iliripoti kuvu kwenye fleti yao mwaka 2017. Baba akaambiwa apake rangi. Akapaka, zaidi ya mara moja. Desemba 2020 mwanawe, Awaab Ishak, akafariki akiwa na miaka 2, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo akathibitisha kuwa chanzo ni kuvu iliyomdhuru njia ya hewa kwa muda mrefu. Wasimamizi wa nyumba walikuwa wamelaumu mtindo wa maisha wa familia! Sheria yenye jina la mtoto huyo, inayowabana wasimamizi wa nyumba za kupanga za kijamii washughulikie unyevu na kuvu haraka, ilianza kutumika Oktoba 2025.

Kwa hiyo anza na fundi bomba au fundi paa. Mwenye pumu au kikohozi kisichokatika amwone daktari, na amweleze hali ya chumba anacholala, maana dawa hutuliza kifua lakini haikaushi ukuta.