Nani Alijenga Shule za Rosenwald?

Katika mafunzo yetu kwa viongozi wa asasi, swali linalotangulia mengine yote ni hili: mfadhili tutampata wapi? Huwa nawajibu kwa habari ya vijiji vya Weusi vya Kusini mwa Marekani.

Mwaka 1912 Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyeongoza kampuni ya Sears, Roebuck, alitimiza miaka 50, akaipa Tuskegee, chuo cha Weusi kule Alabama, dola 25,000. Mkuu wa chuo, Booker T. Washington, akamwomba sehemu ya fedha hizo ijengee shule sita ndogo vijijini. Watoto wa huko walikuwa wakisomea makanisani au kwenye vibanda vinavyovuja, tena kwa miezi michache tu, kabla ya kurudi kwenye pamba. Wazazi wao walilipa kodi, lakini bodi za elimu zilizoshikwa na Wazungu zilipeleka sehemu kubwa ya fedha kwenye shule za Wazungu.

Rosenwald alikubali, kwa sharti. Wanakijiji wachange kwanza, iwe fedha, mbao, ardhi au nguvu zao, na serikali ya mahali nayo itoe fungu lake na kuiendesha shule. Hadi mwaka 1932 yalikuwa yamesimama majengo zaidi ya 5,300 katika majimbo 15, yaani shule, nyumba za walimu na karakana. Yote yaligharimu takriban dola milioni 28, nyingi zikiwa za kodi. Mfuko wa Rosenwald ulitoa milioni 4.3. Weusi wenyewe walitoa milioni 4.7.

Naomba msomaji azitazame tena hizo tarakimu mbili za mwisho. Watu ambao wengi wao walilima mashamba ya wenzao kwa kugawana mavuno walitoa kuliko tajiri ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye shule.

Walizipataje fedha hizo? Wakulima walitenga kipande cha shamba, pamba yake ikawa ya shule. Akina mama walipika, wakafunga chakula kwenye maboksi, yakauzwa kwa mnada. Aliyekulia kwenye harambee hahitaji kuelezwa zaidi. Kule Boligee, Alabama, mzee mmoja aliyeyaona mwenyewe maisha ya utumwa alisimama mkutanoni, akatoa mfuko mkuukuu uliojaa uchafu wa miaka, akaumimina mezani. Sarafu na noti zilipohesabiwa zilikuwa dola 38, akiba yake yote. Alisema anataka watoto wa wajukuu wake wapate nafasi.

Mzee yule hakuitwa mkutanoni na Rosenwald. Waliozunguka kijiji hadi kijiji ni watu kama Clinton J. Calloway wa Tuskegee na mawakala Weusi wa majimbo, waliojua mchungaji gani anasikilizwa na mwenye shamba gani huzuia watoto wasiende shule. Uongozi huo ulikuwapo kabla ya hundi ya Chicago. Hundi iliukuta kazini.

Lakini wazazi wale walilipa mara mbili, kwanza kodi, kisha mchango. Hiyo ilikuwa dhuluma, na kiongozi wa asasi asije akaisifu kama moyo wa kujitolea huku akiiacha serikali isiulizwe.

Matunda yalionekana. Wachumi Daniel Aaronson na Bhashkar Mazumder waligundua kwamba watoto Weusi wa vijijini waliozifikia shule hizi walisoma miaka mingi zaidi, na walihamia zaidi majimbo ya Kaskazini, kwenye mishahara bora. Hivyo ndivyo ukoo unavyopanda ngazi ya uchumi.

Leo viongozi wa aina ya Calloway wapo bado, ila hundi huwapita pembeni. Uchunguzi wa mashirika mawili ya Marekani, Echoing Green na Bridgespan, wa mwaka 2020, uliolinganisha asasi changa za Marekani, ulikuta zile zinazoongozwa na Weusi zina akiba isiyofungwa masharti pungufu kwa asilimia 76 kuliko zinazoongozwa na Wazungu. Akiba ya namna hiyo ndiyo inayomwezesha kiongozi kulipa mishahara mradi ukiisha, au kukataa mradi usiowafaa watu wake.

Mfuko wa Rosenwald ulifungwa mwaka 1948, kama mwenyewe alivyotaka, kwa kuwa hakupenda fedha zilale milele. Shule nyingi zimebomoka. Baadhi ya zilizosalia bado zina madirisha yale marefu yaliyoingiza mwanga kabla ya umeme kufika, na wanaochangishana kukarabati paa ni waliosoma humo, pamoja na wajukuu wao.