Kwa nini kunyanyua simu ya jikoni kulikata intaneti ya kompyuta mbili?

Mwaka 1999 Microsoft ilipotoa toleo la pili la Windows 98, ndani yake mlikuwa na kitu ambacho nyumba nyingi za Marekani zilikuwa zikikisubiri: kompyuta mbili kutumia modemu moja (kifaa kinachogeuza data ya kompyuta kuwa sauti zinazopita kwenye simu) na laini moja ya simu. Mtoto yuko chumbani, mama yuko sebuleni, wote mtandaoni. Kisha mtu anaingia jikoni, ananyanyua simu ampigie dada yake, na papo hapo kompyuta zote mbili zinapoteza intaneti. Kwa nini?

Jibu limo kwenye ule mlio wa modemu ilipoanza kuunganishwa, ambao kila aliyeusikia anaukumbuka: mluzi, mkwaruzo, kisha mvumo mrefu. Watu walidhani ni mashine inahangaika. Kumbe modemu ya nyumbani na modemu ya kampuni ya intaneti zilikuwa zikipima laini: sauti zipi zinapita vizuri, zipi zinafifia, mwangwi unarudi na nguvu kiasi gani. Laini ya simu ilijengwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu, kati ya hezi 300 na 3400 hivi, na kupenyeza humo kilobiti 50 kwa sekunde ni kazi ya vipimo vya hali ya juu. Mimi huona ni moja ya kazi nzuri kabisa za uhandisi wa karne iliyopita. Lakini vipimo hivyo vilikuwa vya laini kama ilivyokuwa dakika ile.

Simu zote za nyumba moja huungwa kwenye nyaya mbili zilezile. Ukinyanyua ya jikoni, nayo inaanza kunywa umeme wa laini. Mawimbi yanapungua nguvu, mwangwi unabadilika, na juu ya hayo kinasa sauti cha simu kinamwaga kelele za masufuria. Modemu zinajaribu kupimana upya, na zikishindwa, zinakata.

Huduma ya kuarifiwa kwamba kuna simu nyingine inaingia nayo ilikuwa na madhara yaleyale. Kwa anayeongea ni mlio mfupi tu, lakini modemu inasikia mwenzake amenyamaza, na nyingi zilipangwa kuvumilia ukimya wa sekunde 1.4 tu. Dawa yake Marekani ilikuwa kuandika *70 na alama ya mkato kabla ya namba ya simu ya kampuni ya intaneti. *70 huzima huduma hiyo kwa simu ile moja, na mkato huiambia modemu itulie sekunde 2 kabla ya kuendelea. Ukisahau mkato, namba inaanza kupigwa kabla mitambo haijawa tayari.

Kwa hiyo siku hizo intaneti ilipokatika-katika, kabla ya kugusa kompyuta ulichomoa kila simu na faksi, ukaacha modemu peke yake. Ikitulia, ulirudisha kimoja kimoja mpaka umpate mhalifu.

Hali ilikuwa tofauti kompyuta yenye modemu ilipofungua kurasa na ya pili haikufungua. Hapo laini ya simu haikuwa na kosa. Kompyuta yenye modemu ilijipa anwani ya mtandao 192.168.0.1, halafu ikamgawia mwenzake anwani ya ukoo huohuo. Kwenye ile ya pili uliandika winipcfg, programu ya Windows 98 inayoonyesha anwani hiyo, uone. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake imeita, haikujibiwa, ikajipa anwani yenyewe. Mara nyingi kosa lilikuwa waya. Kompyuta mbili zilipounganishwa bila habu, yaani kifaa cha kuunganishia kompyuta kadhaa, zilihitaji waya wa kupishana, ambao njia ya kutuma ya upande mmoja inaishia kwenye njia ya kupokea ya upande mwingine. Ukiutazama kwa nje hauna tofauti na waya wa kawaida, na ndiyo maana watu walipoteza siku nzima. Anwani ikiwa sawa, uliita tovuti kwa namba ya anwani yake badala ya jina. Ikijibu kwa namba na ikakataa kwa jina, kilichokosekana kilikuwa huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba.

Kuna pia kile kilichoonekana ubovu na hakikuwa ubovu. Modemu za kiwango cha V.90, cha mwaka 1998, zilipokea hadi kilobiti 56 kwa sekunde kwenye karatasi, lakini sheria za Marekani zilizibana zisipite 53.3. Kutuma, mwisho wake ulikuwa 33.6. Kila ukurasa uliofunguliwa ulianza na ombi lililotumwa kwa njia hiyo nyembamba. Mmoja akituma picha ya kilobaiti 500 kwa barua pepe, maombi ya mwenzake yalipanga foleni nyuma yake. Picha hiyo ilichukua kama dakika 2 au zaidi kwenda, na kwa muda huo kompyuta ya pili ilionekana imekufa, ingawa simu, modemu na waya vyote vilikuwa vizima.